YAH: UHAMISHO WA PROGRAMU KUTOKA DISKI C KWENDA DISKI D

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, naomba nikusalimu kwa heshima na taadhima inayostahili cheo chako, kiti chako na kiyoyozi chako. Taratibu za barua za kiofisi hazina nafasi ya shikamoo, lakini naomba uhesabu kwamba nimeitoa, na nimeitoa nikiwa nimesimama. Naomba pia nikuhakikishie mapema kuwa barua hii haipingi agizo lolote. Mimi ni nani hata nipinge? Ni Afisa TEHAMA Daraja la II, na ofisi yangu iko chini ya ngazi, jirani na ndoo za usafi.

Nimeiandika hadharani kwa sababu barua zangu za ndani, zilizopita kwa mkuu wa idara kama utaratibu unavyotaka, bado zimepumzika kwenye trei ya katibu muhtasi wako, chini ya kalenda ya benki na kadi za michango ya harusi. Simlaumu hata kidogo. Trei ile imebeba mambo mazito kuliko yangu.

Agizo lako ni fupi na lina uzuri wa maagizo mafupi: programu zote zilizomo kwenye diski C za kompyuta za taasisi zihamishiwe diski D ifikapo siku ya mwisho ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri, ili kompyuta ziwe nyepesi. Naomba kwanza nitoe pongezi. Jicho lako limeona sawasawa. Ukifungua dirisha la kompyuta, ule mstari wa C umekuwa mwekundu, maana yake nafasi iliyobaki haifiki hata sehemu moja ya kumi, na wa D pembeni yake ni mweupe kama kanzu ya Idi. Mtu aliyekua akisomeshwa Azimio la Arusha hawezi kuona mmoja amejaa hadi shingoni, jirani yake ana vyumba vitupu, asipate hamu ya kugawa.

Nadhani pia najua wazo lilikotoka, na ni mahali pa heshima: simu yako. Tangu Android toleo la 2.2, mwaka 2010, simu nyingi zimekuwa na kitufe cha kupeleka programu kwenye kadi ya kumbukumbu. Unabonyeza, unasubiri kidogo, imehama. Huko jambo linawezekana kwa sababu kila programu huja imefungwa kwenye kifurushi chake, mfumo wa simu ndio unaobeba kifurushi hicho, na mfumo huohuo unabaki kujua umekiweka wapi. Hata hivyo aliyetengeneza programu lazima awe ameridhia ihame. Asiporidhia, kitufe hakikubali. Mheshimiwa umezoea simu inayotii, na ni haki yako kutegemea kompyuta nayo itatii.

Sasa naomba ruhusa nisimulie yaliyotokea ofisi ya uhasibu.

Kijana wako, anayejifunza kazi kwetu na ambaye kwa mapenzi tunamwita Mheshimiwa Mdogo, alifika asubuhi akiwa na flashi shingoni na nakala ya agizo mkononi. Ni kijana mwenye bidii. Alifungua folda ya Program Files, akachagua vyote vilivyomo, akavikata, akaenda D, akabandika. Windows ikamwambia anahitaji ruhusa ya msimamizi, akaipa. Ikaendelea kidogo, kisha ikamwambia kwamba kwa folda fulani anahitaji ruhusa ya TrustedInstaller. Hapo akasimama, akapiga simu juu.

Jibu lako limeingia kwenye historia ya taasisi hii, Mheshimiwa, na nalinukuu kwa unyenyekevu: TrustedInstaller ni nani, ameajiriwa lini, kwa kibali cha nani, na afike ofisini kwangu kesho saa mbili asubuhi. Masijala wakafungua jalada. Barua ya kujieleza ikachapwa. Mhudumu akazunguka nayo ghorofa zote tatu akiuliza ofisi moja baada ya nyingine, na alipofika chini ya ngazi aliniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nionyeshe kitambulisho changu bila kuombwa.

Naomba kumtetea mtu huyu ambaye si mtu. TrustedInstaller ni jina la huduma ya ndani ya Windows, iliyoanza kazi na toleo la Vista, na ndiyo inayomiliki faili za mfumo kwa niaba ya Windows yenyewe. Imewekwa juu hata ya msimamizi wa kompyuta, kwa makusudi, ili mtu mwenye madaraka makubwa na haraka kubwa asifute kitu kinachoishikilia mashine. Naomba isieleweke vibaya: walioisanifu hawakuwa wakikufahamu.

Kijana, aliposikia simu imekatwa, alibonyeza kitufe cha kuruka folda zile zilizokataa, na zilizobaki zikahama. Ndani yake ilikuwamo programu ya uhasibu. Kesho yake Mhasibu alibonyeza alama aliyoizoea, nayo ikawa imegeuka kikaratasi cheupe, na Windows ikamwambia kitu anachokitafuta kimebadilishwa au kimehamishwa. Kijana akamtoa wasiwasi, akaingia D mwenyewe, akaikuta faili ya programu imekaa pale salama, akaibonyeza. Ikafunguka! Kwa muda mfupi ofisi nzima ilicheka. Kisha ikasema haioni leseni yake. Ikasema haipati kanzidata. Huduma yake ya nyuma, ile inayowaka yenyewe kompyuta ikiwaka, ikasema mfumo hauwezi kupata faili iliyotajwa. Tukajaribu kuiondoa ili tuanze upya. Orodha ya programu ikajibu kwamba huenda ilishaondolewa, na je, tungependa jina lake lifutwe? Ilikuwepo na haikuwepo. Malipo ya posho ya robo mwaka yalikuwa ndani yake.

Mheshimiwa, wewe umehamisha watumishi wengi kuliko yeyote aliyewahi kukalia kiti hicho, kwa hiyo naomba nieleze jambo hili kwa lugha ya kazi yako. Karani anapohamishwa kutoka makao makuu kwenda Namtumbo, kinachohama si karani na kiti chake peke yake. Jalada lake binafsi linamfuata. Orodha ya mishahara inabadilishwa isome kituo kipya. Mkuu wake mpya anaandikiwa, wa zamani anaandikiwa, benki inajua, na barua zinazokuja kwa jina lake zinaelekezwa kwingine. Sasa chukulia karani huyo amebebwa usiku akiwa usingizini, yeye na kiti chake, akashushwa Namtumbo, na hakuna karatasi hata moja iliyobadilishwa. Asubuhi ataamka, atavaa tai, atakuwa na akili zake zote. Lakini makao makuu anahesabiwa mtoro, na Namtumbo anahesabiwa mgeni aliyekalia kiti cha mtu. Hivyo ndivyo ilivyo programu iliyokatwa na kubandikwa.

Windows nayo ina masijala yake. Inaitwa Registry. Ilionekana kwanza ikiwa ndogo kwenye Windows 3.1, mwaka 1992, na kuanzia Windows 95 ikawa ndiyo kitabu kikuu cha mashine nzima. Programu inaposakinishwa, kile kijidirisha chenye mstari wa kijani unaotambaa hakinakili faili tu. Kinaandika. Kinaandika mahali ilipo faili ya kuendeshea programu. Kinaandika faili za aina gani zifunguliwe nayo. Kinaandika huduma zipi ziwashwe na ziko kwenye njia gani. Kinaandika jinsi ya kuiondoa siku ikichokwa. Ukuta wa usalama nao unaandikiwa njia kamili ya programu inayoruhusiwa kwenda kwenye mtandao, na mratibu wa kazi za usiku anaandikiwa njia ileile. Karibu kila mahali kinachoandikwa kinaanza na herufi C na nukta mbili. Na si kila kitu cha programu kinakaa ndani ya Program Files: mipangilio yake iko AppData, data ya pamoja iko ProgramData, na maktaba ndogo inazoshirikiana na wenzake mara nyingi ziko ndani ya folda ya Windows yenyewe. Kijana alihamisha kiti, tena kiti chenye miguu miwili.

Utauliza, kwa busara, kwa nini kila kitu kimeng'ang'ania C. Ni mazoea tu, Mheshimiwa, na mazoea huko kwenye kompyuta yana nguvu kama huku kwetu. Kompyuta ya IBM PC iliyotoka mwaka 1981 iliendeshwa kwa diski laini za kuchomeka na kuchomoa: tundu la kwanza likaitwa A, la pili B. Mwaka 1983 ilipokuja IBM PC XT ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, herufi iliyokuwa wazi ilikuwa C, ikapewa. A na B zimekufa zamani, watoto wa leo wanaona picha ya diski laini kwenye kitufe cha kuhifadhi na hawajui ni picha ya nini, lakini C haijawahi kupandishwa cheo. Mwaka 1995 Windows 95 ikaleta folda ya Program Files, ikaiweka C, na tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiichukulia kama anwani isiyobadilika. Wapo mafundi waliojaribu kuibadilisha ndani ya Registry ili programu mpya zote ziende D zenyewe. Microsoft wamesema wazi kwamba hawaungi mkono mabadiliko hayo, na mimi, kwa kuwa mshahara wangu hautoshi kuwabishia Microsoft, nimetii.

Wala si Windows pekee iliyowahi kujaa. Wazee waliotengeneza Unix kule Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walijaza diski yao ya kwanza kwa programu, zikafurika kwenda diski ya pili iliyokuwa na faili za watumiaji. Ndiyo maana hadi leo kwenye Linux kuna programu zinazokaa /usr/bin. Ni alama ya mafuriko ya zaidi ya nusu karne iliyopita. Lakini wale walikuwa na bahati, kwa sababu kwao diski haina herufi. Inaunganishwa mahali popote kwenye mti wa folda, na programu haijui wala haijali iko kwenye chuma kipi. Kwenye Mac nako programu nyingi zimefungashwa nzimanzima, unaweza kuivuta kwa kipanya ukaiweka kwingine ikafanya kazi. Sisi tulinunua kompyuta za Windows kwa zabuni, na zabuni ilishapita.

Naomba kugusia kwa haraka suala la GB 18. Uliagiza Mkaguzi wa Ndani achunguze kwa nini kompyuta mpya zilizopokelewa zikiwa na risiti ya GB 256 zinaonyesha GB 238 kwenye kioo, na nani amefaidika na tofauti hiyo. Mtengenezaji wa diski anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti ikirudiwa mara tatu inafikia hapo. Hakuna aliyekula. Mtunza bohari bado hajarudi kazini kwa mshituko, na ningeomba apigiwe simu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliandika kwa mkono unaotetemeka. Katika kompyuta zetu nyingi, C na D ni diski moja. Fundi aliyeziandaa alikigawa chuma kimoja vipande viwili, kama ilivyo desturi ya mafundi wetu, ili siku Windows ikiharibika, C ifutwe na D ibaki na nyaraka. Ni desturi nzuri, imeokoa tasnifu za watu wengi. Lakini kutoa programu C kupeleka D kwenye diski moja hakuongezi kasi hata chembe, kwa kuwa ni kipande kilekile cha chuma kinachosoma. Na kwenye zile kompyuta chache ambazo D ni diski ya pili kweli, D ni ile ya zamani inayozunguka, na C ni SSD. SSD ya kawaida ya SATA inasoma megabaiti zipatazo 550 kwa sekunde. Ile inayozunguka hufika mia na kitu kama siku imeamkia vizuri, na ikiombwa faili ndogondogo nyingi kwa mpigo, kama programu inavyoomba inapofunguka, inashuka chini sana. Kwa maneno mengine, agizo la kuzifanya kompyuta ziwe nyepesi, likitekelezwa kikamilifu, litazifanya ziwe nzito. Nasema hivi nikiwa nimeinamisha kichwa.

Je, C imejazwa na nini? Kwa kuwa uliniruhusu kuiangalia kompyuta yako mpakato uliponiita kukurekebishia printa, niliendesha humo programu ya WinDirStat, ile inayochora kila faili kama kiwanja chenye rangi, kikubwa kwa kidogo. Naomba unisamehe kwa nilichokiona, maana sikukitafuta; kilichukua nusu ya kioo. Programu zako zote, Mheshimiwa, Office na nyingine, hazifiki GB 20. Office yenyewe haihitaji zaidi ya GB 4 hivi. Kile kiwanja kikubwa cha buluu ni video ya send-off ya binti yetu, kamera mbili, ambayo haijakatwa, na iko kwenye Desktop ikiwa na jina la Mpya Folder. GB 71. Pembeni yake kuna nakala yake, nadhani kwa usalama, nayo pia iko kwenye Desktop.

Najua Desktop inaonekana kama iko juu ya meza, nje ya diski. Iko ndani ya C. Kila kilichowekwa pale, hata picha ya kikundi cha kwaya, kinakalia C.

Kuna vingine vidogo. Folda ya Downloads ina waraka mmoja wa posho uliopakuliwa mara nyingi, kila mara ukiongezewa namba kwenye mabano, hadi tarakimu mbili. Kuna folda ya Windows.old iliyobaki baada ya kupandisha toleo, ambayo kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10 lakini mtu aliinakili na kuibandika mahali pengine, labda kwa huruma. Kuna faili iliyofichwa iitwayo hiberfil.sys, inayohifadhi hali ya kompyuta inapolala usingizi mzito, ambayo kwa kawaida huchukua karibu asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Kwenye kompyuta za mezani ambazo hazilali kamwe, amri moja fupi inaiondoa. Na Mhasibu ana barua pepe zake zote tangu aajiriwe kwenye faili moja la Outlook, lililonenepa hadi linaogopesha.

Hivi vyote vinahama, Mheshimiwa. Vinahama kwa hiari na kwa adabu. Nyaraka, picha na video hazina jalada masijala. Ukizipeleka D zitafunguka D. Hata folda nzima ya Videos au Documents inahamishika kwa utaratibu wa Windows yenyewe: unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda, unafungua Properties, unakwenda kwenye kichupo cha Location, unachagua Move, unaonyesha mahali D, na Windows inahamisha vilivyomo na kurekebisha kumbukumbu zake zenyewe. Kuanzia hapo kila video itakayohifadhiwa kwenye Videos itakwenda D bila mtu kukumbushwa. Kazi hiyo naweza kuifanya kwenye kompyuta za taasisi nzima nikiwa peke yangu, bila posho, ingawa posho sitaikataa.

Kama bado ni matakwa yako kwamba programu zenyewe zihame, nami nitakuwa wa kwanza kutii, basi naomba zihame kwa njia zinazokubalika. Zile zilizotoka kwenye duka la Microsoft zina kitufe cha kuhamisha kwenye orodha ya programu, kwa sababu zimefungwa vifurushi kama za simu yako. Ni chache, na kusema kweli nyingi ni michezo ya karata iliyokuja na kompyuta. Zilizobaki, njia ya halali ni kuziondoa na kuzisakinisha upya, na pale zinapouliza ziwekwe wapi, mtu aandike D badala ya kubonyeza Next, Next, Next kama tunavyofanya wote. Tatizo ni kwamba kusakinisha upya kunahitaji faili ya usakinishaji na namba ya leseni. Ya programu ya uhasibu ilikuja kwenye CD, CD ilikuwa kwenye bahasha, na bahasha ilikuwa kwenye kabati lililouzwa kwenye mnada wa samani chakavu. Msambazaji amehama ofisi. Ndiyo maana nilikimbia siku ile uhasibu ulipokwama, Mheshimiwa, ukadhani nakwepa gari lako.

Ipo njia ya tatu, ya kifundi, ambayo ndiyo niliyotumia kuiokoa posho. Unahamisha folda ya programu kwenda D pamoja na haki zake zote, kisha mahali ilipokuwa C unaweka kiungo kwa amri ya mklink, ile iliyokuja na Vista. Kiungo hicho kinaitwa junction, na mfumo wa faili wa NTFS umekijua tangu Windows 2000. Windows ikitafuta njia ya zamani inaikuta, inaingia, na bila kujua inajikuta iko D. Registry haijaguswa. Kila mwenye kumbukumbu ya C anahudumiwa kama kawaida. Kwa kuwa kijana alishahamisha folda, mimi niliweka kiungo tu, nikairudishia haki zilizopotea njiani, na saa sita mchana Mhasibu alikuwa anachapa hundi. Lakini njia hii naitumia kwa programu moja yenye ukaidi, siyo kwa Program Files nzima, na kamwe siyo kwa folda ya Windows. Masasisho mengine yanakiona kiungo yanashtuka, na atakayekuja baada yangu akifuta D akidhani ni nyaraka tu, atakuwa amefuta uhasibu.

Pendekezo langu la dhati, nikiruhusiwa kuwa nalo, ni kununua. SSD ya GB 512 siku hizi inapatikana Kariakoo kwa bei isiyozidi chakula cha mchana cha kikao kimoja cha menejimenti, na nasema hivyo bila kuigusa menejimenti wala chakula. Ninachomeka diski mpya, ninaendesha Clonezilla, ambayo ni ya bure, nayo inanakili diski ya zamani yote kwenye mpya: Windows, programu, Registry, TrustedInstaller na kila kitu. Kompyuta ikiwashwa kwa diski mpya, diski mpya ndiyo C. Hakuna anwani iliyobadilika kwa sababu hakuna aliyehama. Ofisi nzima imejengewa jengo kubwa zaidi kwenye kiwanja kilekile. Nafasi inayobaki mwishoni ninaiongeza kwenye C, nikivuka kwa uangalifu kile kipande kidogo cha uokoaji ambacho Windows hupenda kukiweka katikati ya njia. Pale ambapo diski ni moja iliyogawanywa na D ni tupu, hata kununua hakuhitajiki: D inafutwa na nafasi yake inarudi kwa C. Mheshimiwa ulitaka kugawa kwa usawa. Hapa inatosha kubomoa ukuta.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko barua. Naomba katika agizo neno programu lisomeke nyaraka. Ni neno moja. Halitaonekana hata kuwa limebadilishwa, na nitafurahi likiitwa ufafanuzi, wala si marekebisho. Naomba pia shauri la TrustedInstaller, lililopangwa kusikilizwa na kamati ya nidhamu Jumatatu, liahirishwe hadi apatikane.

La mwisho ni la dharura, na ndilo lililonifanya nisisubiri trei. Jumamosi alfajiri Mheshimiwa Mdogo anapanda basi kwenda tawi letu la kanda akiwa na flashi ileile na nakala ileile ya agizo. Kule hakuna fundi, intaneti ni ya kubahatisha, na kompyuta ya mapokezi ndiyo yenye orodha ya wadeni wote. Nakuomba kwa heshima zote umpigie simu kabla basi halijavuka Chalinze, kwa sababu mbele ya hapo mtandao wake hukatikakatika.

Naomba kuwasilisha.

Ndimi mtumishi wako mtiifu,

Afisa TEHAMA Daraja la II
(Chini ya Ngazi)

Nakala: Mkuu wa Idara, kwa taarifa.
Mhasibu, asifunge kompyuta yake hadi nifike.